Nani Anaamua, Nani Analipa: Miradi ya Wenyeji na Biashara za Kijamii

Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na hasa baada ya shirika lake la misaada, USAID, kufungwa rasmi Julai mwaka huo, kauli mbili hazikauki midomoni mwa watu kuanzia Kisumu hadi Busia. Ya kwanza: "miradi iongozwe na wenyeji." Ya pili: "mashirika yajigeuze biashara." Kwenye mabaraza ya chifu na kwenye mikutano ya vikundi vya mitaa ya Manyatta na Nyalenda, Kisumu, kauli hizo hutajwa kwa pumzi moja, kana kwamba ukishika moja umeshika na nyingine.

Kila moja inajibu swali lake. Ya kwanza inauliza nani anaamua, ya pili inauliza nani analipa. Kituo cha kusomea kinaweza kuongozwa na akina mama wa mtaa na bado kiishi kwa pesa za ng'ambo. Vilevile biashara ya kijamii, ile ambayo faida yake hurudi kwenye kazi ya jamii, inaweza kuendeshwa na mgeni aliyefika majuzi na asiyejua hata njia ya kwenda soko la Kibuye. Ukiyachanganya maswali haya unaweza kufunga darasa la watoto kwa sababu tu kibanda cha kuuza maji hakikuleta faida, ilhali darasa lenyewe lilikuwa linafanya kazi yake vizuri.

Kuongoza ni kushika nini?

Chukua matanga. Mzee anapofariki huko Seme au Gem, kamati huundwa jioni ileile. Jamaa walioko Nairobi na Mombasa hutuma sehemu kubwa ya pesa. Lakini aliyetuma elfu hamsini hasemi kaburi lichimbwe upande gani wa boma, kwani hayo ni ya wazee wa nyumbani. Mweka hazina naye hana ruhusa ya kunyamaza. Kila jioni huweka kwenye kundi la WhatsApp orodha ya majina na michango, na mazishi yakiisha husoma hesabu ya jeneza, mahema na ng'ombe. Uamuzi uko nyumbani, na hesabu inasomewa kila aliyetoa. Mradi unaoongozwa na wenyeji hauna siri zaidi ya hiyo.

Kiswahili kinatutega hapa, maana neno "mwenyeji" lina sura mbili: mtu wa mahali hapo, na mtu anayemkaribisha mgeni. Miradi mingi inayoitwa ya wenyeji huwatumia watu kwa sura ya pili tu. Wanatoa ukumbi, wanaimba wageni wakifika, wanapigwa picha. Ukitaka kujua uko mbele ya mradi wa sura gani, uliza mambo matatu. Nani anatia saini benki? Nani anaweza kuhamisha shilingi elfu tano kutoka kwenye fungu la usafiri kwenda kwenye fungu la uji bila kuandika barua pepe ya kuomba ruhusa? Nani anamwajiri mwalimu, na nani anaweza kumwachisha? Kama majibu yote matatu yako Nairobi au Ulaya, kijiji ni mwenyeji kwa maana ya kuandaa chai.

Wafadhili wenyewe walikiri tatizo hili zamani. Mwaka 2016 mashirika makubwa ya misaada ya dharura yaliahidi kwamba kufikia 2020 robo ya pesa hizo ingewafikia watendaji wa nchi husika kwa njia iliyo fupi iwezekanavyo. USAID nayo ilijiwekea lengo la robo mwaka 2021. Ilipofungwa, sehemu iliyokuwa ikienda moja kwa moja kwa mashirika ya nchini ilikuwa kama moja ya kumi.

Safari ya pesa hizo inafanana na ya omena, dagaa wa ziwani. Mvuvi wa Dunga hamuuzii mlaji wa Nakuru. Kuna anayenunua ufuoni, anayeanika, anayesafirisha, anayeuza kwa magunia, hadi mama anayepima kwa gorogoro sokoni. Kila mkono unachukua chake, na si wizi: kuanika ni kazi, na lori linakunywa dizeli. Vivyo hivyo ofisi ya katikati inayokagua hesabu inafanya kazi halali. Dhuluma iko mkono wa mwisho. Kikundi cha kijijini hupewa pesa za shughuli tupu, yaani chaki, uji na nauli, bila senti ya kodi ya chumba wala ya mtu wa kuandika vitabu vya hesabu. Mwaka ukiisha mkaguzi anakuta risiti zimelowa ndani ya mfuko wa plastiki, kisha ripoti inaandikwa kwamba wenyeji hawana uwezo. Mhasibu waliyenyimwa hatajwi mahali popote.

Yaliyopimwa Busia na Bungoma

Magharibi mwa Kenya ni miongoni mwa sehemu ambazo elimu yake imechunguzwa sana na wachumi, na matokeo yake yanafaa kujulikana na sisi tulio hapa kuliko mtu mwingine yeyote.

Miaka ya 1990, watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyekuja kushinda Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili, walipima kinachotokea shule za Busia zikigawiwa vitabu rasmi vya kiada. Alama za mtoto wa kawaida hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasani. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambayo kwa wengi wa watoto hao ni lugha ya tatu, na mtaala uliandikwa kwa ajili ya mtoto ambaye hajaachwa nyuma. Mzazi yeyote wa Funyula angeyasema hayo kabla lori la vitabu halijashusha mzigo, lau angeulizwa.

Utafiti mwingine ulianza mwaka 2005 Bungoma na Butere-Mumias. Kamati za shule zilipewa pesa za kuajiri mwalimu mmoja wa ziada kwa mkataba wa mwaka, mkataba unaofanywa upya akifanya kazi vizuri, kwa takriban robo ya malipo ya mwalimu wa serikali. Darasa lililokuwa na wastani wa watoto 82 likabaki na 44. Waliobaki na mwalimu wa zamani hawakuongeza alama kwa kiasi cha maana, ingawa nafasi ilikuwa imepatikana. Waliofundishwa na mwalimu aliyeajiriwa na kamati ndio walioongeza. Huyo alikuwa haadimiki darasani, ilhali baadhi ya walimu wa serikali, walipopata msaidizi, walilegeza kamba.

Wengi wanaosimulia utafiti huu hukomea hapo, na huo ni upotoshaji. Karibu thuluthi moja ya nafasi hizo mpya zilikwenda kwa jamaa za walimu waliokuwepo. Kilichopunguza upendeleo huo ni kuwapa wazazi walio kwenye kamati mafunzo na mamlaka ya kumsimamia mwalimu. Mpango wa aina hiyo ulipojaribiwa nchini kwa upana, ulifaulu chini ya shirika lisilo la serikali na haukuonyesha faida chini ya wizara. Kwa hiyo dhana kwamba mwenyeji ni mwaminifu kwa kuwa ni mwenyeji haina msingi. Mwenyeji ana shemeji. Uongozi wa wenyeji unahitaji kufuli zake: watia saini watatu ambao wawili lazima wasaini pamoja, nafasi ya kazi inayobandikwa ukutani kwa siku 14, na nambari ya till, ya kupokea malipo kwa simu, iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, kamwe si simu ya mwenyekiti.

Hesabu ya kituo kimoja

Tuchukue kituo cha kusoma baada ya shule, chenye watoto 60, kwenye ukumbi wa kanisa mtaani Nyalenda. Bei ni za mfano. Zibadilishe kwa za kwako.

Wiki ya kwanza kila mtoto hupimwa peke yake kwa dakika kama 5, kwa mtindo unaofanana na ule ambao wapimaji wa mpango wa Uwezo wamekuwa wakiutumia nyumba kwa nyumba tangu 2009: herufi, maneno, aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Wapimaji wawili humaliza kwa alasiri mbili. Halafu watoto hupangwa kwa kile wanachoweza kusoma, bila kujali gredi. Tatizo la kwanza huzuka papo hapo: kijana wa gredi ya 6 anakataa kuketi na watoto wa gredi ya 2, na msaidizi kwa huruma anamsogeza mbele. Baada ya mwezi bado hasomi. Dawa ndogo inayosaidia ni kuyapa makundi majina ya samaki: Ngege, Kamongo, Mumi, Mbuta. Usiliite kundi la chini Omena. Watoto wa ziwani wanajua ukubwa wa samaki kuliko wewe.

Lugha nayo iamuliwe mtaa kwa mtaa. Vijijini Seme anza na Dholuo. Manyatta au Kondele, ambako majirani watatu wana lugha tatu, anza na Kiswahili. Pima upya kila baada ya wiki 4 na uhamishe waliovuka. Kituo kisigeuke shule bila kusajiliwa, wala kisifundishe wakati wa likizo, kwa sababu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku masomo ya likizo.

Sasa gharama. Siku 4 kwa wiki kwa wiki 36 ni siku 144. Wasaidizi 4 kwa shilingi 400 kila mmoja kwa siku: 230,400. Uji wa shilingi 12 kwa watoto 60: 103,680. Ukumbi, 5,000 kwa mwezi: 60,000. Madaftari, kadi na chaki: 30,000. Msimamizi wa nusu siku anayeandika pia hesabu, 10,000 kwa mwezi: 120,000. Jumla ni 544,080, yaani 9,068 kwa kila mtoto kwa mwaka.

Wapo watakaosema wasaidizi wajitolee. Wanajitolea kweli, hadi msimu wa kupanda, au hadi apatikane mtu wa kuwalipa 500 kwa siku kubeba kokoto. Hapo kundi la Mumi linabaki bila mtu kwa wiki 3, na wiki 3 kwa mtoto anayeunganisha silabi ni nyingi sana. Kujitolea si bure. Gharama yake anailipa mtoto.

Cherehani haibebi kila kitu

Biashara ya kijamii ni biashara iliyoanzishwa kutatua tatizo la jamii, inayouza kitu kwa bei ya kweli, na ambayo ziada yake hurudi kwenye kazi ileile badala ya kugawanywa. Watu hudhani maana yake ni biashara isiyotafuta faida. Bila faida haitafika Krismasi. Tofauti iko mahali faida inapokwenda.

Kinachosahaulika zaidi ni kwamba mlipaji na mnufaika si lazima wawe mtu mmoja. Nakuru kuna mfano mzuri: kampuni ya maji ya mji ilianzisha Nawasscoal, inayokausha kinyesi cha vyoo, kukichoma na kukichanganya na unga wa mbao kuwa makaa ya kupikia. Anayenufaika kwa choo kutapishwa ni mpangaji. Anayelipa ni mpishi anayetaka makaa yanayokaa na moto. One Acre Fund, iliyoanzia Bungoma mwaka 2006, huwauzia wakulima mbegu na mbolea kwa mkopo. Malipo yao hubeba sehemu kubwa ya gharama za mashinani, na wafadhili hujazia. Kumbe hata lile shirika kubwa linalosifiwa kwa kujitegemea halisimami kwa mguu mmoja.

Rudi Nyalenda. Kikundi kimeamua kushona sare za shule ili kilipie kituo. Gauni moja linauzwa 900. Kitambaa mita 2 kwa 230 ni 460. Vifungo, zipu na uzi 60. Fundi hulipwa 150 kwa kila gauni. Hiyo ni 670, na kinabaki 230. Lakini kibanda kinalipiwa 72,000 kwa mwaka, muuzaji 144,000, umeme na usafiri 24,000, na akiba ya kununua cherehani nyingine hii ikizeeka 20,000. Jumla 260,000, nayo inalipwa hata gauni lisipouzwa. Ukigawanya kwa 230, magauni 1,130 ya kwanza hayajampa mtoto kijiko cha uji. Ili biashara ibebe kituo chote, inabidi iuze karibu magauni 3,500, tena kabla ya kodi. Hebu zihesabu shule zilizo karibu, toa wavulana, toa wanaovaa la dada, toa wanaonunua mitumba. Utaona mwenyewe.

Tuseme wanauza 1,800, jambo linalowezekana kwa bidii. Ziada ni 154,000. Ila mauzo yamefika 1,620,000, na biashara yenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hutozwa kodi ya mauzo ghafi, ile wafanyabiashara huiita TOT, asilimia 3, iwe imepata faida au imepata hasara. Toa 48,600. Kinabaki 105,400. Uji ni 103,680. Biashara nzima, pamoja na jasho la mwaka, imelipia uji na chenji ya nauli.

Hayo si matokeo mabaya hata kidogo. Uji wa uhakika, usiomtegemea mtu yeyote, ndio unaowaleta watoto siku za mvua. Ubaya ni kumwambia mfadhili, au kujiambia wenyewe, kwamba cherehani itawalipa wasaidizi pia. Mtoto maskini asiyejua kusoma hana pesa za kulipia somo. Lazima alipiwe na mtu fulani, iwe ni kodi za wananchi, mchango wa waumini, au mfadhili wa mbali.

Sare zina mitego yake. Kila shule ina rangi yake, hivyo magauni 40 ya zambarau yakibaki huwezi kuyapeleka shule ya jirani inayovaa kijani. Fundi akiachiwa akate anavyopenda atakata saizi 24 kwa wingi, kwa kuwa zinaokoa kitambaa, na Januari wanaokuja ni wa 28 na 30. Pima watoto Oktoba, shule kwa shule, uandike. Halafu kuna mkopo. Mzazi anayesema "nitamalizia mwisho wa mwezi" akipotea, umepoteza 670, na itabidi uuze magauni mengine matatu ili ufidie hilo moja. Vikundi vinavyodumu huchukua amana kidogo kidogo kuanzia Septemba, kwa kadi, kama wanavyofanya kwenye chama cha kuweka akiba, na gauni halitoki kabla kadi haijajaa.

Karatasi na kodi

Kenya haina hati ya usajili yenye jina la biashara ya kijamii. Kikundi cha watu wasiopungua 10 husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Ushirika nao huanzia watu 10, na ziada yake inaweza kugawiwa wanachama. Kampuni yenye dhamana bila hisa haina wa kugawiwa. Shirika kubwa zaidi huenda chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024. Kwa hiyo ahadi kwamba "faida inarudi kwa watoto" ina nguvu ya sentensi iliyoandikwa kwenye katiba ya kikundi tu. Kama haimo, siku ya faida kubwa mtagombana.

Kusajiliwa kwa ajili ya hisani hakukuondolei kodi, maana msamaha huombwa Mamlaka ya Mapato (KRA) na una masharti yake. Kikundi kinaweza pia kumwandikia Kamishna kikaomba kutozwa kwa faida badala ya mauzo, lakini hapo vitabu vya hesabu lazima viwe kamili, na ndipo yule msimamizi wa 10,000 kwa mwezi anapojilipa.

Anayetaka kusaidia

Wapo wanaohofia kwamba pesa za moja kwa moja huwadumaza watu. Siaya ilipima hilo: zaidi ya kaya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja kupitia shirika la GiveDirectly, na hata majirani ambao hawakupewa walinufaika kwa sababu pesa zilizunguka madukani na mashambani, huku bei zikipanda kwa kiasi kisichofika hata asilimia 1. Kumwamini mtu na uamuzi hakukumharibu.

Kwa kituo kama cha Nyalenda, msaada wa miaka 3 wa 300,000 kila mwaka unazaa kuliko 900,000 za mara moja, ambazo hununua kompyuta na kuacha wasaidizi bila malipo. Lipia mishahara na ukumbi waziwazi. Badala ya ripoti ya kurasa 30, omba taarifa ya benki, kumbukumbu za mikutano, na jedwali moja la watoto waliotoka Ngege kwenda Kamongo. Picha za watoto usiziombe. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi, na saini za wazazi 60 zinachukua alasiri tatu ambazo zingetumika kusoma.

Na kama unataka kuisaidia ile biashara, usiizawadie cherehani nyingine. Inachokosa ni pesa za kitambaa. Kama magauni 1,100 kati ya 1,800 yananunuliwa Januari, kitambaa chake pekee ni 506,000, na lazima kilipiwe Novemba, wakati hakuna hata mzazi mmoja anayewaza sare. Ni mwezi huo ambapo mweka hazina, bila nia mbaya, huchukua pesa za uji "tutazirudisha Januari". Mkope kikundi pesa hizo mwisho wa Oktoba, kwa maandishi, zirudi mwisho wa Februari, ziwekwe kwenye akaunti tofauti na ya kituo. Mwaka ujao Oktoba, zitoe tena zilezile.